Chora Jengo Pamoja na Nyaya Zake

Habari zenu wasomaji. Mwezi uliopita niliandika hapa kwamba nyumba za zamani za Dar zinaondoka haraka kuliko tunavyozichora, na nikawaomba wenye penseli watoke nje. Barua zimekuja nyingi kweli, kutoka Mbagala mpaka Tegeta, wengine mmetuma na michoro kabisa na nimeiangalia yote. Siwezi kujibu kila mtu kwa hiyo nimechukua maswali yanayogusa wengi, yale marefu nimeyafupisha kidogo.

Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana niko Tabata, nachora sura za watu kwa penseli na wateja nawapata kidogo kidogo. Sasa nataka kuingia kwenye majengo ya kale, ila nikifika Posta nachanganyikiwa, majengo ni mengi, barabara zina magari, sijui nianzie wapi. Naomba muongozo.
– Kijana wa Tabata

Marahaba kijana wangu. Panda mwendokasi asubuhi mapema, shuka Posta ya Zamani, alafu tembea taratibu na Sokoine Drive bandari ikiwa upande wako wa kushoto. Usitoe daftari kwanza, tembea tu uangalie. Utapita Azania Front, lile kanisa la Walutheri lenye kuta nyeupe na vigae vyekundu, ambalo wamisionari wa Kijerumani walilijenga kati ya 1898 na 1902, angalia jinsi kila dirisha lilivyowekewa kijipaa chake cha vigae juu. Mbele kidogo unakutana na Mtakatifu Yosefu, lilianza kujengwa 1897 na likawekwa wakfu 1905, mnara mrefu na matao yaliyochongoka. Ukiendelea utafika Atiman House, nyumba ya enzi za Sultan Majid miaka ya 1860, ambayo baadaye ikawa ya mapadri wa White Fathers na ikapewa jina la Adrian Atiman, mtu aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto huko Afrika Magharibi, akakombolewa, akasomea udaktari Malta, na akatibu watu Karema kando ya Ziwa Tanganyika mpaka uzeeni. Mimi kila nikipita hapo naona ajabu kwamba maelfu ya watu wanaipita hiyo nyumba kila siku wakikimbilia kivuko na hamna anayewaambia habari za huyo mzee. Alafu ndo unafika Boma la Kale.

Anza na Boma. Lilijengwa 1866 mpaka 1867 kwa ajili ya wageni wa Sultan Majid bin Said wa Zanzibar, yule aliyeamua kujenga mji hapa jirani na kijiji cha Mzizima, akafariki 1870 mji ukiwa bado mchanga. Wajerumani walikuja kuhamisha makao makuu yao kutoka Bagamoyo mpaka hapa 1891, kwa hiyo hilo jengo walilikuta. Nakutuma hapo kwa sababu mbili. Ya kwanza umbo lake ni rahisi kwa anayeanza, ni kuta pana zilizonyooka na madirisha yamejipanga, huna mnara wa kukutesa na perspektivu, yani ile namna vitu vinavyoonekana kupungua vikienda mbali. Ya pili ndani yake kuna DARCH, kituo cha urithi wa usanifu wa majengo, wana maonyesho ya jinsi mji ulivyokua, kwa hiyo ukichoka na jua unaingia ndani unasoma kile ulichokuwa unakichora nje.

Wewe umesema unachora sura za watu, basi una mtaji tayari. Kwenye sura unajua macho yakikaa vibaya hata kwa milimita mbili mtu hafanani, na jengo liko hivo hivo, kinacholifanya lifanane na lenyewe ni ile nafasi kati ya dirisha na dirisha. Shika penseli mkono umenyooka, pima urefu wa mlango, huo mlango ndo uwe kipimo chako cha kila kitu, ukuta una milango mingapi kwenda juu, mingapi kwenda pembeni. Na ngoja nikwambie kitu ambacho kitakusaidia kwenye nyumba zote za mawe za pwani kuanzia hapa mpaka Kilwa na Unguja: dari zake zinabebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haiwi ndefu, mita mbili na nusu, tatu hivi basi, kwa hiyo vyumba vinakuwa vyembamba na virefu, hata kwa tajiri. Ukishajua hivo huoni tena madirisha yamepangwa tu, unaanza kukisia chumba kinaanzia wapi na kuishia wapi nyuma ya ukuta, na mkono wako wenyewe unakuwa na uhakika.

Muda mzuri ni asubuhi maana majengo ya mbele ya bandari yanapigwa na jua la asubuhi na vivuli vinakuwa virefu, nakshi inaonekana. Saa sita mchana jua liko utosini, ukuta wote unakuwa bapa, pumzika ule.

Mwalimu habari. Swali fupi tu, vifaa gani nahitaji na bei zimepanda hivi? Karatasi zangu zinajikunja zikipata maji.
– Msomaji, Mbezi

Salama. Penseli ya HB na ya 2B, kifutio laini, kalamu ya wino usioyeyuka na maji, kiboksi kidogo cha rangi za maji, brashi mbili, chupa ya maji ya kunywa uliyomaliza. Basi. Hela zako weka kwenye karatasi, tafuta nzito ya gramu 300 kwa mita ya mraba, hizi nyepesi za shuleni haziwezi kupokea maji, na hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi inazidi kuilegeza. Ukikosa nzito, bandika hiyo nyepesi kwenye ubao kwa utepe wa karatasi wenye gundi pande zote nne kabla hujapaka na usiibandue mpaka ikauke kabisa, na ujue haraka haraka haifai, rangi ya maji Dar inachelewa kukauka hasa wakati wa masika.

Mwalimu, mimi ni dada wa Sinza. Nimechora nyumba moja ya zamani Uhindini kule maeneo ya Kisutu, ina balkoni nzuri na mwaka umeandikwa kwa sementi kule juu. Nikatoa nyaya za umeme, mashine za eisii, bango la duka la simu na magari yaliyopaki. Mume wangu anasema imependeza sana. Kaka yangu anasema nimedanganya. Tumebishana mpaka chakula kimepoa. Nani yuko sahihi?
– Dada wa Sinza

Dada yangu, kaka yako yuko sahihi, na nakwambia hivo kwa upendo kwa sababu mchoro wako nimeuona na mkono unao. Ile balkoni umeipatia vizuri, hata ule ufa wa kwenye kona umeuweka. Sasa kama ufa umeuheshimu kwa nini waya hukuuheshimu?

Sikiliza. Ukichora jengo la kale kuna mtu atakuja kulitazama hilo jengo kupitia karatasi yako wakati lenyewe halipo. Huyo mtu hatakuwa na wewe wa kumwambia "hapa nilitoa kitu." Ataamini. Akiona mtaa msafi, hauna nyaya wala mabango, atadhani Kisutu ya mwaka huu ilikuwa hivyo, au hatajua kabisa ni ya mwaka gani, na sisi tuliokuwa tunaishi humo, tunaopanda hizo ngazi kwenda kwa fundi cherehani ghorofa ya pili, tunakuwa tumefutwa. Ile mashine ya eisii inaeleza kwamba kuna ofisi mle ndani. Bango la simu linaeleza biashara ya wakati wetu. Nguo zilizoanikwa balkoni zinaeleza kwamba bado kuna familia, na kwangu mimi hilo ni jambo kubwa kuliko nakshi, maana kwenye ile mitaa nyumba ikishahamwa huwa haichukui muda mabati ya ujenzi yanazungushwa.

Kanuni ninayowapa wanafunzi wangu ni hii, kinachoondoka jioni unaweza kukiacha, kilichopigiliwa ukutani kichore. Magari uliyoyatoa sina ugomvi nayo, yalikuwa yanaziba milango ya chini na ulifanya vizuri kusogea ukaona nyuma yake. Waya, bango, bomba la maji machafu, mita ya luku, hivyo ni sehemu ya ukuta sasa hivi.

Na msidhani nazungumzia mambo ya nadharia. Mnakumbuka Beit el Ajaib pale Forodhani Unguja, jumba alilojenga Sultan Barghash 1883, kubwa kuliko yote Mji Mkongwe. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake ikaporomoka wakati wa ukarabati, na watu wakapoteza maisha. Mji mzima ni urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na bado jengo likadondoka. Sasa jiulize, mafundi wanapotakiwa kurudisha upande ulioanguka wanategemea nini? Wanategemea vipimo, picha na michoro ya watu waliokaa kitako wakahesabu nguzo moja moja. Mchoro uliotiwa urembo hauwasaidii, ule wenye ukweli unawasaidia. Kule Unguja mtu kama John da Silva amechora nyumba na milango ya Mji Mkongwe kwa miaka mingi sana na kazi zake watu wanazitazama kama kumbukumbu, sio mapambo ya sebuleni tu.

Kwa hiyo rudi Kisutu dada, chora tena. Geuza karatasi nyuma uandike tarehe, mtaa, ulikuwa umekaa upande gani, na saa. Alafu ingia ndani uulize, umpate mzee wa duka la chini au mama aliyekaa muda mrefu, muulize nani alijenga, chumba cha mbele kilikuwa nini, ngazi zilikuwa wapi. Majibu yake andika hapo hapo nyuma ya karatasi ukiandika na kwamba ni maneno yake. Huo wa kwanza usiutupe, mpe mume wako autundike, ni picha nzuri, ila chini yake andika kwamba umetoa nyaya na mabango. Ukiandika hivo hujamdanganya mtu.

Nyumba ya bibi iko mjini, ya mawe ya zamani. Wajomba walipiga lipu ya sementi nzuri tu lakini imeanza kubanduka mapande mapande, chini kabisa kuna chumvi nyeupe. Mimi naichora kila likizo na naona inaharibika. Kwani ya zamani ilikaaje miaka yote hiyo?
– Mjukuu

Mjukuu, asante kwa kuwa na jicho, wachoraji wengi wanaona ubovu kabla ya mafundi. Ile nyumba imejengwa kwa matumbawe na chokaa. Hayo mawe yana vitundu, yanavuta unyevu kutoka ardhini na kwenye hewa ya bahari, na chokaa inauachia huo unyevu utoke taratibu nje. Ukija ukaupiga sementi umeuziba ukuta, maji yanaendelea kupanda kutoka chini hayana pa kutokea, yanabeba chumvi, chumvi ikikauka nyuma ya lipu inaganda na kusukuma, ndo hayo mapande unayoyaona. Wajomba walikuwa na nia njema kabisa, wengi mjini wamefanya hivyo hivyo, hata kwenye majengo makubwa. Dawa yake ni kubandua sementi na kurudisha lipu ya chokaa na mchanga, tena iachwe ikauke pole pole na sio juani, na kutengeneza mabomba yanayovuja kwanza maana lipu yoyote haiwezi kushindana na bomba.

Upande wa uchoraji, pale lipu ilipodondoka usihangaike kuchora kila jiwe, utapata kitu kinachofanana na ukuta wa katuni. Paka ukuta wote rangi nyepesi ya krimu, ikikauka weka kivuli chembamba upande mmoja tu wa lile shimo, kina kitaonekana chenyewe, alafu vitundu vichache vya matumbawe kwa ncha ya brashi, vichache kweli. Na kivuli kwenye chokaa usitumie nyeusi. Kaa utazame, kivuli cha ukuta mweupe mchana kinaegemea bluu, na karibu na chini kinapata joto kidogo la wekundu kwa sababu mchanga wa barabarani unarudisha mwanga juu. Ukilipata hilo mtu wa Dar akiuona mchoro atajua ni kwao hata kabla hajasoma jina la mtaa.

Mwandishi, nakusoma kila mwezi na mjukuu wangu ndiye anaandika hii kwa niaba yangu. Nina neno. Kila siku mnachora boma za Wajerumani, makanisa yao, majumba ya Sultani. Hayo ni majengo ya waliotutawala. Sisi tuliozaliwa Magomeni na Ilala hatuna urithi? Au urithi lazima uwe na ghorofa?
– Mzee wa Magomeni

Shikamoo mzee wangu. Nimelisoma swali lako mara nyingi kabla ya kukaa kulijibu, na nakubaliana na wewe kwa sehemu kubwa sana.

Niseme kwanza hizo boma zenyewe. Wenye amri walikuwa Sultani na Mjerumani, lakini matumbawe hayakujichimba baharini na chokaa haikujichoma. Boriti zilikatwa na watu, zikabebwa na watu, na wengine kati yao hawakuwa watu huru. Kwa hiyo mimi nikichora Boma nachora kazi ya mikono yao, na nadhani tukiyaacha bila kuchorwa tunawaacha hao mafundi wapotee mara ya pili. Vile vile Sanamu ya Askari pale Samora, watu wanaipita tu kama alama ya kuelekezana njia. Hapo mwanzo Wajerumani waliweka sanamu ya gavana wao Wissmann, Waingereza wakaingia 1916 wakaiondoa, 1927 wakasimamisha huyu askari wa shaba, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson, na chini yake kuna maneno kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu. Amewekwa kwa kumbukumbu ya Waafrika waliopigana kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia, vita ambayo haikuwa yao. Ukimchora vizuri, yani ukachora uso wake na sio bunduki tu, tayari umeshauliza swali kama la kwako.

Ila mzee wangu umegusa penyewe uliposema ghorofa. Nyumba ya Kiswahili, ile ya Magomeni, Ilala, Kariakoo ya zamani, ni usanifu kamili. Baraza mbele ambapo wageni wanapokelewa na jioni watu wanacheza bao, korido katikati inayopitisha upepo kutoka mlango wa mbele mpaka uani, vyumba vitatu huku na vitatu huku, uani kuna jiko, choo na mti mmoja wa kivuli. Familia ikikua chumba kinatolewa, shida ikija chumba kinapangishwa. Mji huu umejengwa kwa nyumba hizo kuliko kwa boma lolote. TANU ilikua kwenye mabaraza ya namna hiyo, na nyumba aliyoishi Mwalimu Nyerere hapo hapo Magomeni kwako sasa ni makumbusho. Na hizo ndo zinaondoka kwa kasi kuliko zote kwa sababu hamna anayeziona kama kitu cha kale, mwenye kiwanja anaingia ubia na mwenye hela, baada ya muda ni ghorofa kumi. Siwalaumu wenye viwanja, maisha ni magumu. Ninachoomba ni kwamba kabla bati halijashushwa mtu mmoja wa nyumba hiyo, hata mtoto wa shule, achore ramani yake, chumba cha bibi kilikuwa wapi, kisima wapi, mlango wa uani ulifungukia upande gani.

Na urithi sio lazima uwe wa zamani za kale sana. Soko la Kariakoo lilisanifiwa na Beda Amuli, msanifu majengo wetu Mtanzania, miaka ya 1970, lile paa la zege limekaa juu ya nguzo kama miavuli mikubwa iliyogeuzwa, ukisimama chini yake unaona jinsi mwanga unavyopenya katikati. Julai 2021 likaungua. Wakati ule nilitafuta michoro ya ndani ya soko iliyochorwa na wachoraji wa hapa hapa mjini, mabango ya bei, wabeba mizigo, mafungu ya nyanya chini ya zile nguzo, nilipata michache mno, na iliniuma.

Kwa wanaotaka kurudi nyuma zaidi ya Sultani na Mjerumani nendeni Kunduchi, kuna magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo chini ya mibuyu, kuna nguzo ambazo Waswahili wa zamani walizipachika sahani za kutoka China. Hiyo ni Dar es Salaam hii hii, unaenda na bajaji.

Mzee, nikiruhusiwa, nitapenda kuja Magomeni nikae na wewe barazani uniambie na mimi nichore. Mjukuu wako aniandikie.

Mwalimu nilikuwa nachora maeneo ya karibu na bandari, akaja mlinzi akanifukuza na kutaka kuchana daftari. Ni haki?
– Msanii, Temeke

Pole sana. Kuchana kazi ya mtu sio haki hata kidogo. Lakini na sisi tuwe waangalifu, Ikulu, kambi za jeshi na maeneo ya bandari yana ulinzi, kule kupiga picha hakuruhusiwi na mtu mwenye daftari anaangaliwa kwa jicho lile lile, kwa hiyo usikae kuyaelekea. Kwenye majengo mengine salimia kwanza, mlinzi ndiye mwenyeji wako siku hiyo, mwonyeshe kurasa zilizopita, mwambie unachora nini. Beba kitambulisho, kama umejisajili BASATA, lile Baraza la Sanaa la Taifa, beba na hicho cheti, na kwa mtaa utakaochora siku nyingi pata barua ya serikali ya mtaa. Wakikukatalia hata hivyo, funga daftari uondoke, utarudi na barua.

Naweza kuchora kutoka picha za mtandaoni za majengo yaliyobomolewa na kuuza?
– Mchoraji chipukizi, Kimara

Picha ya mtu ni mali yake, mwombe ruhusa. Sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 inamlinda msanii maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufariki kwake, na sheria hiyo hiyo inakulinda na wewe. Kama mwenye picha humpati, kusanya picha kadhaa tofauti, soma jengo lilivyokuwa alafu chora kutoka upande ambao hamna picha hata moja iliyopigwa. Ni kazi ngumu zaidi ila inakuwa yako, na utalijua jengo mpaka mgongoni. Andika chini kwamba umelichora kwa kutumia picha, hukulikuta.

Shikamoo. Mimi ni mama wa miaka 58 naishi Mbweni. Nyumba ya marehemu baba iko Bagamoyo, mlango wake ni wa nakshi, wa zamani sana, babu ndiye aliuweka. Kuna mtu amekuja anataka kuununua aupeleke nje ya nchi, hela anayotaja ni nzuri na wadogo zangu wanaitaka. Mimi roho inaniuma, nikasema angalau uchorwe kwanza. Nimpate nani na wachore vipi?
– Mama wa Mbweni

Marahaba dada yangu, pole na msiba wa mzee, na pole na hayo mazungumzo ya familia, najua yalivyo mazito.

Kabla ya kuchora kuna jambo la kisheria ambalo wadogo zako lazima walijue leo. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inautaja mlango kabisa, mlango wa mbao au fremu yake iliyochongwa nakshi hapa nchini kabla ya 1940 ni kitu kinacholindwa, na kuupeleka nje bila kibali ni kosa. Hata kama huyo bwana ana hela taslimu mkononi, matatizo yatabaki kwenu nyinyi wenye nyumba. Nendeni ofisi ya Mambo ya Kale, mueleze na waje waukague.

Sasa mchoro. Wapo vijana wazuri waliopita chuo cha sanaa pale pale Bagamoyo, TaSUBa, uliza hapo kwanza kabla hujatafuta mtu wa Dar. Atakayekuja asianze na picha ya mlango mzima. Aanze na kupima, upana wa miimo, urefu wa kizingiti, unene wa mfaa pale katikati, umbali kati ya msumari na msumari wa shaba. Aangalie kizingiti cha juu kama kimenyooka au kina tao, mara nyingi ile iliyonyooka ni ya mtindo wa zamani zaidi na yenye tao ilikuja baadaye na ladha ya Kihindi. Alafu nakshi yenyewe ainakili kwa kuegesha karatasi nyepesi juu ya mbao na kupitisha ubavu wa ncha ya penseli laini taratibu, alama zote zinapanda kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi, samaki, mnyororo, yungiyungi, na hata pale patasi ya fundi ilipoteleza pataonekana. Utashangaa dada, kwenye picha ya simu vitu hivyo vinapotea. Wakati wa kufanya hivyo mlango usipakwe mafuta wala vanishi wala kupigwa msasa "ili upendeze", ufutwe vumbi tu kwa brashi kavu. Karatasi ziviringishwe, zisikunjwe, na kila moja iandikwe ni ya sehemu gani, kulia au kushoto, juu au chini.

Chini ya miimo angalieni mchwa. Mara nyingi kuoza kunaanzia pale mbao inapogusa sakafu na huo ukuta unaovuta maji, na kama kumeanza, fundi wa nakshi anaweza kuunga kipande kipya pale chini tu bila kugusa nakshi ya juu. Gharama yake waambie wadogo zako muichange, ni ndogo ukilinganisha na mlango wote.

Na huyo mnunuzi mwambieni alete kibali cha maandishi kabla hajaugusa hata msumari mmoja. Akikasirika au akisema mambo ya kibali atayamaliza yeye mwenyewe bandarini, msimruhusu kurudi pale nyumbani, na mkaripoti ofisi hiyo hiyo ya Mambo ya Kale. Nakala za karatasi mkishamaliza nipelekee mbili hapa ofisini kwa gazeti, moja nitaitoa toleo lijalo kama familia mtaridhia.